Ndege Iliyonyamaza ili Mama Aombe

Siku hizi ukitaka petroli Bujumbura hufikirii kituo cha mafuta kwanza. Unafikiria ni nani unayefahamiana naye. Juzi gari langu lilinigomea kwenye barabara ya Gatumba, tangi likiwa kavu kabisa, nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya kibanda cha nyanya. Alichomoa chupa ya maji ya kunywa kutoka chini ya kitenge chake, akaiinua juani ili nione kwamba petroli haikuchanganywa na maji, akaniambia, "Aina maji, dada. Angalia mpaka chini." Nikaangalia mpaka chini. Kisha akafungua kifuniko, harufu ikanipanda puani, na badala ya kushukuru kwamba nimepata mafuta nikajikuta namlilia Mjomba Fidele mbele ya mtu nisiyemjua. Yule mama alidhani shida ya petroli imenielemea, akanifariji kwamba malori yatafika tu.

Mjomba Fidele alikuwa mdogo wake Mama, na kazi yake ilikuwa kurusha ndege. Tulimzika masika yaliyopita. Alikufa kitandani kwa ugonjwa wa sukari, amefunikwa shuka safi, dada zake wamemzunguka, na nadhani yeye mwenyewe angecheka kwa kuondoka kistaarabu namna hiyo. Tangu azikwe sikuwa nimelia sawasawa. Nilikuwa nimepika, nimepokea wageni, nimehesabiwa kuwa jasiri. Kumbe machozi yangu yalikuwa yananingoja Gatumba, kwenye chupa.

Ndege yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kalemie, upande wa Kongo, aliyefanya biashara ya mawese na unga pande zote mbili za ziwa. Ilikuwa na viti vichache, mabawa yake yamekaa juu ya vichwa vya abiria, na mlango wake ulifungwa kwa kuupiga kama mlango wa gari bovu. Tajiri alipokuwa kwao Kalemie na ndege iko Bujumbura, Mjomba alilazimika kwenda kumchukua viti vikiwa vitupu, na mara moja moja aliruhusiwa kumpakia ndugu. Ninyi wa rika langu mliokulia mitaa ya kaskazini mtakumbuka hadhi aliyokuwa nayo mtoto mwenye mjomba dereva wa basi. Sasa fikirini mimi. Nilitembea mtaa wetu wote wa Cibitoke kidevu kikiwa juu, na wenzangu walinichukia kwa haki.

Nyumba yetu ilikuwa Cibitoke, ukuta kwa ukuta na karakana ya fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Jenereta lake lilinguruma tangu tukiamka mpaka jua likielekea kuzama, nasi tulizoea kusemezana kwa sauti kubwa bila kujua kwamba ni kubwa. Mama alikuwa Mkongomani aliyeolewa na Mrundi, Mpentekoste wa kukata na shoka, na kwake hakuna jambo lililoanza bila maombi. Tuliombea chakula, tuliombea ndagala, yaani dagaa, alizokuwa akienda kuuza, tuliombea mtihani, tuliombea hata jiko jipya la mkaa kabla halijawashwa. Na Mama hakuomba penye kelele. Alisema ni utovu wa adabu kumpigia Mungu kelele masikioni huku ukimwomba kitu. Basi kabla ya kuinamisha vichwa, kila chenye sauti kilizimwa. Baba alikuwa akizima redio hata mpira ukiwa umewekwa kwenye nukta ya penalti, uso umemkunjamana, asithubutu kusema neno.

Kazi yangu mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo, ilikuwa kwenda kwa fundi. Nilisimama mlangoni pa karakana, nikafunika macho kwa viganja kwa sababu ya ule moto wa kuchomelea, nikasema Mama anataka kuomba. Fundi alikuwa Mkatoliki wa Jumapili tu, tena mwenye mdomo mchafu, lakini hakuwahi kukataa. Aliweka chini vifaa vyake na kwenda kuzima jenereta. Lilikohoa mara mbili tatu, likatetemeka, likanyamaza, na ukimya ulioangukia ua wetu ulikuwa mzito mpaka ukasikia kuku wakiparua. Ndipo Mama aliposema, "Tuombe." Akimaliza, fundi naye upande wa pili wa ukuta aliitikia amina, kisha akalivuta jenereta likaanza upya. Hivyo ndivyo dunia ilivyoendeshwa, kwa ufahamu wangu. Mashine ilinguruma, mtu alitaka kuomba, mwenye mashine akaizima kwa heshima. Sikuwahi kuona kinyume chake.

Sasa nieleze habari ya Koko. Koko alikuwa mama yake Mama, anaishi Kalemie, na mimi nilikuwa sijamwona kwa macho. Mama alipomchagua Baba, Koko alikataa. Alisema binti yake wa kwanza hawezi kwenda kuzaa watoto watakaozungumza Kirundi na kumsahau. Hakuja kwenye harusi, wala hakutuma mtu. Miaka ikapita wakiulizana hali kupitia kwa Mjomba tu, aliyekuwa akienda na kurudi juu ya ziwa akibeba salamu fupi fupi za watu wawili wenye vichwa vigumu. Mama alikuwa akisema hadharani kwamba amezoea. Lakini nilimwona siku moja ameinusa nguo aliyorudi nayo Mjomba kutoka kwa Koko, ameikandamiza usoni, na aliponiona akasingizia kwamba anaangalia kama ina uvundo.

Kisha masika moja simu ikaja. Mama mdogo aliyekuwa akimuuguza Koko alisema mgonjwa hali tena chakula, na kwamba anamtaja Mama. Si kwamba amemsamehe, anamtaja tu. Kwa Mama hilo lilitosha. Njia ya barabara kupitia Uvira na Fizi ilikuwa mbaya na ya hatari, na boti za mizigo ziliondoka pale zilipojaa, si pale mtu anapouguliwa. Bahati ikaangukia kwamba Mjomba anaitwa na tajiri wake asubuhi iliyofuata. Baba alibaki na kazi yake ya ofisini. Mimi nikachukuliwa, nadhani, kama zawadi; Mama alitaka Koko anione kabla hajafumba macho.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi uwanja wa ndege ulikuwa unang'aa kwa madimbwi, na ile ndege ndogo iliyokuwa imelala nje ilikuwa ikidondosha maji kutoka kila pembe. Mjomba alikuwa na kikombe kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani, alichokiweka kwenye mfuko wa shati, na ndiyo maana mashati yake yote yalinuka petroli. Alikiingiza chini ya bawa la kushoto, akasukuma, kikajaa mafuta kidogo, akakiinua usawa wa macho. Alinionyesha tone la maji limekaa chini ya petroli, limejitenga, jeupe. Akamwaga, akachukua tena, akarudia mpaka hapakuwa na tone. Nilitaka nirudie na mimi. Lakini Mama alikuwa amesimama pembeni na simu mkononi, amepigiwa tena, na analia. Hakuwa akilia kwa sauti. Alikuwa akisema tu twende, Fidele, twende, mama anakwisha, twende. Mjomba alimtazama, akatazama bawa la kulia, akatia kikombe mfukoni. Tukapanda.

Niliketi nyuma, Mama kando yangu, Mjomba mbele peke yake. Tuliponyanyuka niliona majumba yakipungua, na ziwa likafunguka chini yetu, la kijivu na pana kuliko nilivyowahi kudhani nilipolitazama kutoka ufukweni. Injini ilinguruma mpaka meno yakawa yananiwasha. Ilikuwa kubwa kuliko jenereta la fundi, na nilijisikia nyumbani. Nikaona Mjomba akigeuza kitu kama kitasa kilichokuwa karibu na goti lake. Baadaye sana, nikiwa sekondari, alinieleza kwamba pale ndipo alipohamisha injini kutoka kwenye mafuta ya bawa la kushoto kwenda ya bawa la kulia, lile ambalo hakulipima.

Mama alikuwa ameomba nyumbani, ameomba kwenye teksi, ameomba getini. Lakini hakuwa ameomba angani. Akanishika mkono, akainama karibu na kiti cha Mjomba, akapaza sauti, "Tuombe."

Injini ikakohoa. Ikatetemeka, ikakohoa tena, kisha ikanyamaza.

Nataka mnielewe hapa, maana nimelisimulia jambo hili mara nyingi na watu hudhani napamba. Sikushtuka hata kidogo. Nilifumba macho na kuinamisha kichwa, kama nilivyofundishwa. Nilichohisi ni fahari, kwamba Mjomba wetu, pamoja na ukubwa wake wote, hata angani anamheshimu dada yake kiasi cha kumzimia ndege. Pangaboi la mbele likawa linazunguka polepole, kisha likasimama likiwa limeinama upande. Palikuwa na upepo tu. Nilikuwa sijui kwamba ndege ikinyamaza bado inakwenda, na kwamba upepo unaimba kwenye mabawa. Ulikuwa ukimya mzuri kuliko wowote niliowahi kuyaletea maombi ya Mama.

Mama akaukaza mkono wangu. Kidole chake kiliuma kiganja changu. Kisha maombi yakaja, lakini si yale ya kila siku yenye shukrani mwanzoni na maombezi katikati. Yalikuja yamevurugika, jina la Yesu, jina la Baba, jina langu, jina la Koko, tena jina langu. Nilifumbua jicho moja kuangalia kama amesahau mpangilio. Niliona Mjomba akipapasa vitufe mbele yake, kimoja baada ya kingine, nikadhani anazima na vingine vidogo vidogo visije vikalia. Akasema maneno ya Kifaransa kwenye chombo cha kuongelea, kwa sauti ya chini na ya haraka. Nikadhani anawaambia na wale wa uwanjani wazime, maana Mama anaomba.

Ndege ilikuwa imegeuka. Ziwa likaondoka upande wangu na badala yake yakaja matete ya mdomo wa mto Rusizi, kisha majani mapana ya malisho upande wa Gatumba, na ng'ombe wenye pembe ndefu wakiwa wametawanyika kama waliokuwa wakingoja mtu. Walikua wakubwa upesi. Niliona macho ya mmoja wao. Mjomba alimwambia dada yake, "Yaya, mushike mutoto." Mama akanilalia, kifua chake kikanifunika uso, na tukagonga ardhi, tukaruka, tukagonga tena. Kitu kilikwaruza chini ya miguu yangu, tope likapiga vioo, na mwishoni tukasimama, tumeinama kidogo upande mmoja. Mama alikuwa ameacha kuomba. Kwa kuwa maombi hayawezi kuachwa hewani bila kufungwa, mimi nikasema kwa sauti, "Amina."

Hakuna aliyeitikia. Mjomba alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani, na nilidhani yeye bado yumo ndani ya maombi. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akaja mbio na fimbo yake, akagonga kioo, akatuuliza kwa Kirundi kama tuko wazima. Nikamjibu kwamba tuko wazima, tunakwenda Kalemie.

Tuliposhuka Mama aliketi chini, kwenye majani yenye maji, na kitenge kipya mwilini, alichokuwa amekishona kwa ajili ya kumwona Koko. Hilo ndilo lililonitisha asubuhi ile nzima, kitenge kuloa tope bila mwenyewe kujali. Mjomba akapiga magoti mbele yake. Yeye alimwita Mama yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao kwetu, na alisema, "Yaya, unisamehe. Tangi ya kuume sikuiangalia."

Mama alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ni mi nilikukimbiza," akasema.

Nilidhani wanaombana radhi kwa kukanyaga majani ya watu. Eneo lile siku hizi liko chini ya maji kila mafuriko yanapokuja, na nikipita huwa natafuta kwa macho mahali tulipokwaruza ardhi, kana kwamba tope linatunza alama.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Watu wa uwanja wa ndege walikuja, wakauliza, wakapima, makanika akamwaga maji kutoka kwenye tangi na mabomba, akabadilisha mpira wa kifuniko uliokuwa umepasuka na kuingiza mvua. Gurudumu la mbele likanyoshwa. Mjomba mwenyewe akairusha kutoka malishoni mpaka uwanjani akiwa peke yake, majani yalipokauka. Tajiri alimtolea maneno makali kwenye simu, kisha akakumbuka kwamba bado yuko Kalemie na anahitaji mtu wa kumchukua. Safari ikapangwa upya.

Lakini Mama alisema hapandi. Alilisema kwa utulivu, akiwa anachambua maharagwe, na Baba hakubishana naye. Angetafuta boti, akasema. Aliulizia bandarini, akaambiwa boti ipo ila inasubiri mzigo. Akaulizia tena, inasubiri mzigo. Jioni simu ya Kalemie ilipigwa na mama mdogo akasema kwamba Koko sasa anageukia mlango kila mtu anapoingia. Mama alisikiliza, akasema asante, akakata. Akarudi kwenye sinia lake. Nilimwona anaokota maharagwe mazima na kuyatupa pamoja na mawe, na hakuwa mtu wa kutupa chakula.

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na hasira, kwa kuwa nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba nikirudi nitasimulia Kalemie. Nikamuuliza mbona hatuendi wakati ndege imepona. Mama akaniuliza kama mimi siogopi. Nikamuuliza niogope nini.

"Mujomba alizima moteri ili uombe," nikasema. "Tuombe yote tukiwa chini, asizime tena."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Alinitazama, mdomo umefunguka kama mtu anayetaka kusahihisha hesabu, na naapa niliona neno likifika kwenye ulimi wake. Kisha akalimeza. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka Baba akatoka ndani kuangalia, na ulipofika mwisho wa kicheko alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia nimletee simu. Akampigia Mjomba, akamwambia tutakuja asubuhi, na kwamba safari hii hatamharakisha.

Nimewahi kumuuliza, nikiwa tayari nimejua kila kitu na nina mtoto wangu mwenyewe, kwa nini hakunieleza ukweli siku ile. Nilikuwa nimekasirika kidogo, maana nilikuwa nimeusimulia uongo ule shuleni kwa miaka, kwa kiburi. "Mule ndani," Mama akasema, "nilikuwa na lazima ya mutu mumoja mwenye aogopi." Yaani alihitaji mtu mmoja asiyeogopa. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko mahubiri yote niliyosikiliza. Tumezoea kusema kwamba wazazi ndio wanaowashika watoto mkono. Mimi siku ile nilikuwa nimeshikwa mkono na mtu aliyeninyang'anya utulivu wangu, akaugawa mara mbili, akaketi juu ya nusu yake.

Asubuhi ya safari ya pili Mjomba alipima bawa la kushoto, akapima la kulia, akarudi la kushoto. Mama alisimama akimtazama. Tuliomba tukiwa chini, maombi marefu, miguu ikaniuma. Tulipokuwa angani Mama hakutamka neno mpaka tulipofika. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini bila sauti, nami nilielewa: alikuwa anajizuia asije akasikika, Mjomba akazima tena. Nilimpigapiga gotini kumpongeza. Alikuwa amenishika mkono, na injini iliponguruma sawasawa juu ya maji yale yote, kila ilipobadilisha sauti kidogo tu, aliniminya.

Koko alikuwa hai. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mkubwa kwa sababu ya ukali wake. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao kilichosogezwa karibu na dirisha, uso umegeukia mlango, kama tulivyoambiwa. Mama alifika mlangoni akasimama. Hakuvuka. Koko alimtazama, Mama akamtazama, na wote wawili wakakosa neno la kuanzia. Walikuwa wamekaa na maneno kwa muda mrefu mno, na sasa hakuna lililokuwa na ukubwa wa kutosha. Mjomba alikuwa nyuma yetu na begi mkononi. Mama mdogo aliacha kukunja nguo. Nilisikia nzi kwenye chandarua.

Mimi ukimya ule sikuuelewa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiomba. Nikaona ni adabu nimsalimie mgonjwa na kumpa habari. Nikaenda mpaka kitandani, nikamwambia Koko kwamba mimi ndiye Aline, na kwamba tumechelewa kwa sababu mara ya kwanza Mama alitaka kuomba tukiwa juu, Mjomba akazima ndege, pangaboi likasimama kabisa, tukashuka kwenye ng'ombe, kitenge kikachafuka. Lakini mara ya pili tuliomba tukiwa chini, ndiyo maana tumefika.

Koko alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mama wa rubani. Alikuwa ameishi miaka akisikiliza angani. Macho yake yaliniacha, yakaenda kwa Mjomba, yakakaa hapo.

"Ulizima we mwenyewe?" akauliza.

Mjomba alinitazama mimi kwanza. "Nilizima, mama," akasema.

Koko akafumba macho, akayafumbua. Sasa alimgeukia Mama pale mlangoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo.

"Na we ulipanda tena."

"Nilipanda, mama," Mama akasema.

Koko hakusema amemsamehe, wala Mama hakuomba msamaha. Nimewauliza wote waliokuwapo na wanakubaliana juu ya hilo. Alichofanya ni kuweka kiganja kwenye godoro na kujisukuma kuelekea ukutani, kidogo kidogo, akipumzika katikati, akimzuia mama mdogo kwa jicho asimsaidie, mpaka upande wa mlangoni wa kitanda ukawa wazi. "Kuya apa, mutoto yangu," akasema.

Mama akavuka chumba na kulala kwenye ile nafasi, ameukunja mwili wote mpaka magoti, kichwa chini ya kidevu cha Koko. Alikuwa bado amevaa viatu. Nilitaka kusema kitu, kwa kuwa kwetu kupanda kitandani na viatu lilikuwa kosa la fimbo, na aliyeweka sheria hiyo ni yeye. Mjomba akanifunika mdomo kwa mkono wake unaonuka petroli, akanitoa nje taratibu.